Mdogo wangu kapata Mlimani, mama anataka akae kwa mjomba Chanika. Naombeni ushauri

Fundi wa Mabawa:
Asalam aleykum nduzangu, na wengine habari za usiku. Mie ni fundi friji na mafeni hapa Tanga mjini, nakaa Mabawa. Mdogo wangu wa kike kamaliza fomu six mwaka huu kachaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ualimu wa sayansi, na ndo wa kwanza kwetu kufika huko, siku meseji ilipoingia nyumba nzima tulilia. Sasa furaha imegeuka mawazo. Aliomba hosteli ya chuo amekosa, jina halijatoka mpaka leo na chuo kinafunguliwa wiki tatu zijazo. Mama habari ya kupanga hataki kuisikia, anasema mtoto akakae kwa mjomba wetu Chanika, nyumba ipo, chakula kipo, atalala na binamu zake. Mjomba mwenyewe hana neno, kashasema mleteni. Ila mie nlishafanya kazi Dar miezi minane, naijua Chanika ilivyo mbali na huko Mlimani, na huyu mtoto hajawahi kulala nje ya nyumba hii zaidi ya bweni la shule, moyo unagoma.

Uwezo wangu nikijibana sana ni laki tano taslimu za kuanzia, halafu labda elfu themanini kwa mwezi mpaka bumu lake, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, litulie, tena kama mkopo atapata maana majina ya mkopo nayo bado hayajatoka. Mliosoma au mnaoishi kule niambieni ukweli, akae kwa mjomba au nimtafutie chumba, na kama ni chumba mtaa gani msichana anakaa akawa salama. Kuna jamaa kanitumia picha za chumba Sinza kwenye simu, kizuri kina vigae, anataka nitume hela ya kushikilia leo leo maana anasema kuna watu wengine wanakitaka.

Kijana wa Yombo:
Kaka usitume hata mia. Naingia kipindini nikitoka ntakuandikia vizuri ila USITUME.

Binti Makorora:
Kaka Fundi mie wa kwenu huko huko, Makorora, nimemaliza Mlimani miaka mitatu iliyopita na mwaka wa kwanza nlikaa kwa shangazi yangu Gongo la Mboto, ambako hata hivyo ni karibu kuliko Chanika. Shangazi alinipenda, hilo nataka lijulikane mwanzo, hakuwahi kuninyima sahani wala kunisema. Lakini nyumba ya watu ina kazi zake na wewe ndo binti mkubwa umeingia, huwezi kulala na mwenye nyumba yuko jikoni. Saa kumi alfajiri niko macho, nafagia uwanja, nawatengea watoto chai, saa kumi na moja niko kituoni. Gari linakuja limeshajaa, unapenyeza bega tu, mpaka utoke TAZARA uvuke Buguruni ufike Ubungo uunge lingine, kipindi cha saa moja asubuhi kimeshaanza, viti vimeisha, unaandikia notisi ukutani umesimama.

Jioni ndo kulikuwa kunaniuma zaidi. Wenzangu wanaenda maktaba, ile mpya kubwa iliyofunguliwa 2018 inayokaa watu 2,100, wanakaa mpaka usiku wanafundishana maswali, mie saa kumi na mbili nakimbilia gari. Nafika saa tatu, vyombo vya mchana na vya usiku viko uani vinaningoja. Kuna siku shangazi alinikuta nimelala nimekaa kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ndoo, povu la sabuni limenikaukia mikononi mpaka kwenye viwiko. Hakuniamsha kwa sauti, alikaa chini akaanza kuviosha yeye, nlivyoshtuka nikamkuta analia. Matokeo ya semista ile yalikuja na sapu mbili, mitihani ya kurudia. Yeye mwenyewe ndo alinitafutia chumba mwaka wa pili, akaniambia nenda mwanangu ila Ijumaa njoo tule. Na nlikuwa nakwenda kila Ijumaa mpaka nimemaliza.

Kwa hiyo kwa mama mwambie mjomba hajakataliwa, mjomba atakuwa wa wikiendi. Masomo ya sayansi yana maabara mchana, kwa safari ya Chanika kwenda na kurudi kila siku huyo mtoto atayaacha barabarani.

Mzee wa Tabata:
Wanangu mniruhusu na mimi. Kwetu Muheza, Dar hii nina mwaka wa thelathini na moja. Binti hapo juu umesema kweli na imenigusa, lakini tusimfanye kijana akamuona mjomba ni kizuizi. Mimi nina vyumba vinne nimepangisha hapa uani kwangu na miaka yote wanafunzi hawakosi. Mwaka juzi kuna binti alikuwa chumba cha mwisho, kimya kimya, siku mbili hatujamuona tukajua yuko chuo. Siku ya tatu mke wangu akaona ndala ziko mlangoni. Tumegonga hajibu, tumevunja komeo, malaria imempanda haoni wala hasikii, simu imezima chaji pembeni. Tulimkimbiza na bajaji ya jirani, akapona alhamdulillah. Siku ile nlijiuliza angekuwa kwenye zile nyumba ambazo mwenye nyumba yuko mkoa mwingine na kila mpangaji na lwake ingekuwaje.

Mimi sipingi kupanga. Ninachomwomba kijana, mtafutie mtoto chumba kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba analala humo humo, na ikiwezekana ni mama mtu mzima. Asiende kwenye haya majengo mapya ya vyumba kumi na mbili mstari mmoja yana geti na kufuli tu. Na namba ya mjomba aiache kwa huyo mama siku ya kwanza.

Kijana wa Yombo:
Nimetoka kipindini. Kaka Fundi nlikuzuia kwa haraka kwa sababu mimi yalinikuta haya haya, natokea Pangani na dalali tulikutana kwenye grupu la WhatsApp. Picha nzuri, kitanda kipo, pazia lipo, Sinza, akasema hela ya kushikilia laki moja na nusu na kodi iliyobaki utamalizia ukifika. Mzee wangu aliuza madumu ya mafuta ya nazi ile hela ikatimia. Nimefika Dar na begi na godoro limefungwa kamba, napiga simu inaita haipokelewi, baadaye haipatikani kabisa. Nikaitafuta nyumba kwa maelezo aliyonipa nikaipata kweli, geti lile lile la kwenye picha, nagonga anatoka mama na mtoto mgongoni anasema hapa hamna chumba mdogo wangu, wewe ni wa nne wiki hii. Akanipa maji nikakaa kwenye godoro langu nje ya geti mpaka jua linazama.

Nlibebwa Mabibo hosteli na jamaa nliyesoma naye, wiki saba tumelala wawili kitanda cha futi mbili na nusu, kichwa chake miguuni kwangu. Haikubaliki kwa sheria za chuo lakini ndo wengi wanavyoanza.

Sasa upande wa hosteli usikate tamaa bado. Yale majengo 20 ya hosteli za Magufuli yaliyofunguliwa 2017 yanabeba watu 3,840, ukijumlisha na mabweni ya zamani ya ndani na Mabibo ni vitanda vingi lakini wanaoomba ni wengi zaidi, kwa hiyo kukosa awamu ya kwanza si ajabu. Mwaka wangu watu waliopangiwa wakachelewa kulipia kontrolo namba, ile namba ya malipo, nafasi zao walipewa wengine, kuna msichana wa darasani kwetu alipata kitanda wiki ya tatu ya semista. Mwambie aingie kwenye akaunti yake ya chuo kila siku asubuhi na jioni, na akifika aende mwenyewe ofisi ya malazi aandikishe shida yake, asitegemee kupiga simu.

Mitaa sasa. Sinza, Mwenge na Kijitonyama ni karibu na kumechangamka ila kwa elfu themanini labda upate chumba cha uani choo cha kushea na kelele za baa juu yake. Changanyikeni unaingia chuo kwa miguu, kuna chuo cha takwimu pale pale na wa Chuo Kikuu cha Ardhi nao wanapanga huko, kwa hiyo asubuhi barabara imejaa wanafunzi hawezi kuwa peke yake. Msewe nako vizuri, bei inapungua kidogo. Makongo kuna vilima na nyumba za watu wenye fensi, vyumba vya wanafunzi vipo ila dalali wa kule wanataja bei wakikuangalia viatu. Ubungo Kibangu na Mabibo bei rahisi zaidi ila anapanda gari. Kimara usafiri upo, mwendokasi inamleta Ubungo, ila asubuhi zile foleni za kuingia kwenye basi mimi singempeleka mtu wa mwaka wa kwanza.

Fundi wa Mabawa:
Wallahi nimesoma zote nimemsomea na mama kwa sauti hapa barazani. Ile ya ndoo na povu kainuka akaingia ndani, nikajua imemuingia. Yule jamaa wa Sinza nimemwambia nitakuja kulipia mkononi kaniblok hapo hapo. Kijana wa Yombo Mungu akulipe, laki moja ilikuwa imeshahesabiwa.

Mama karudi na jambo jingine, na mie nimeona nililete kama lilivyo. Anasema sawa apange, lakini huko atakaa na watu asiowajua kwao wala dini zao, nyumba moja choo kimoja, wengine walevi, mtoto wa kike anavaa hijabu anafunga, ataishi vipi. Hapa mtaani kwetu mtu akipiga chafya jirani anajua ni nani.

Mama Wawili wa Msewe:
Mpe salamu mama, mwambie mie mtoto wa Chumbageni na nlikuja mji huu na wasiwasi huo huo. Nyumba ninayokaa hapa Msewe ina wapangaji sita. Chumba cha kwanza Mhaya na mumewe, cha pili vijana wawili wa Kisukuma wanasoma Ardhi, kuna Mnyakyusa anauza genge, kuna Mpemba wa mitumba, kuna mie na wanangu, na huyu binti wa mwisho katoka Songea. Ramadhani iliyopita nlikuwa nafanya kazi zamu ya jioni, narudi adhana imeshapita. Siku ya pili tu nafungua mlango nakuta bakuli limefunikwa kwa kawa, ndizi za nazi bado za moto. Ni yule mama wa Kihaya, Mkristo, alimuuliza Mpemba sisi tunafungulia nini akapika kwa kubahatisha. Nazi ilikuwa nyingi mno na chumvi hamna, nilikula nikamaliza bakuli zima. Alipika mwezi wote. Mama asiogope kabila wala dini, aogope mpangaji ambaye hana kazi inayoeleweka na wageni hawaishi kwake. Hilo unalijua kwa kuwauliza wapangaji wenyewe, hasa wanawake, uwakute uani wanafua wakati dalali hayupo. Watakuambia mpaka usiyouliza.

Na chumba mkikiangalia mchana mkakipenda, msilipe. Rudini saa mbili usiku na yeye mwenyewe mwanafunzi, mshuke kituoni mtembee kwa miguu mpaka mlangoni. Hapo ndo utajua taa ya barabarani ipo au hamna, kuna kichochoro, kuna kijiwe, mbwa, kila kitu. Chumba dakika kumi toka kituoni mchana kinaweza kuwa hakifai kabisa usiku. Mie nlikataa chumba kizuri cha masta kwa ajili ya mita hamsini za giza nyuma ya pagala. Choo kama kiko nje hesabu hatua toka mlangoni na uangalie kama kinafungwa kwa ndani. Mlango wa chumba uwe na komeo la ndani, si kitasa peke yake, vitasa vya vyumba vya kupanga funguo zake anazo kila mtu aliyewahi kukaa.

Maji fungua bomba uonje, huku visima vingi vina chumvi sabuni haitoi povu, ukikuta maji ya DAWASA uliza yanatoka siku gani na tenki lipo au hamna. Pitisha mkono ukutani chini karibu na sakafu, rangi ikibanduka na kuna mstari wa unyevu ujue masika maji yanaingia.

Luku nayo iulize mapema. Nyumba nyingi mita ni moja mnachanga, sasa wapangaji sita mkitumia pamoja uniti zinavuka 75 kwa mwezi na bei ya uniti inapanda, halafu mwenye jiko la umeme na mwenye taa moja wanatoa sawa sawa, hapo ugomvi hauishi. Akipata penye mita ndogo ya kila chumba ni heri. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku tangu 2021 ni ya mwenye nyumba, muongee mapema itafidiwaje.

Binti Makorora:
Dada Mama Wawili umenikumbusha ile ya usiku, kweli kabisa. Naongeza hela tu kaka. Bumu ni 10,000 kwa siku tangu 2022 na linakuja kwa mafungu ya miezi miwili, lakini halikuti mtu mlangoni, mpaka asajiliwe, majina yaende, asaini, ni wiki kadhaa anakula mfukoni kwako. Kwa hiyo ile laki tano usiimalize yote kwenye kodi. Dalali atataka kodi ya mwezi mzima ya kwake, mwenye nyumba atataka miezi sita, ombeni mitatu, wengi wanakubali wakisikia ni mwanafunzi na wakimuona mzazi kasimama pale. Kama ana rafiki wa shule kapata chuo hicho hicho washee, hata upweke unapungua. Hela mpe mwenye nyumba mwenyewe mbele ya mashahidi, mkataba uandikwe jina la mtoto, halafu mpite kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ajulikane, wao pale ndo wanajua nyumba ya nani ni ya nani.

Mzee wa Tabata:
Na mjomba aende nanyi. Mkienda bila yeye atanyamaza, lakini atalihesabu.

Fundi wa Mabawa:
Nduzangu nimerudi na habari, samahani nimekaa kimya siku kumi. Kuna msichana alisoma naye anatoka Lushoto naye kakosa hosteli, mabinti wakaongea wenyewe, baba yake akanipigia tukakubaliana. Tumetoka stendi ya Kange Jumatano alfajiri tumeshuka stendi ya Mbezi, usiku tumelala kwa mjomba Chanika. Mie nlimweleza mjomba taratibu baada ya kula, nlikuwa naogopa, akakaa kimya kidogo akasema kesho tunaamka saa kumi twende na gari la kwanza nataka nione mwenyewe. Tumefika Ubungo saa moja imepita, jasho linatutoka, akamwangalia mdogo wangu akasema hapana, hii kila siku hapana. Sikuongeza neno.

Tumeona vyumba vitano siku mbili. Viwili dalali alituchukulia elfu kumi kumi ya kutuzungusha tukakuta vimeshachukuliwa. Cha tatu Msewe kizuri, tumerudi usiku kuna vijana wamekaa njiani wanavuta, mabinti wenyewe walisema hapana. Tumepata Changanyikeni, chumba kikubwa choo cha ndani, laki moja kwa mwezi. Mwenye nyumba mama mjane kwao Iringa, analala nyumba ya mbele, hataki wageni wa kiume kupita saa moja jioni, mama yangu alivyosikia hilo kwenye simu akaomba aongee naye, wameongea nusu saa. Alitaka sita, mjomba akasimama pale akaomba mpaka akakubali mitatu. Mie na mzazi mwenzangu tumegawana, laki mbili mbili na ya dalali ndani yake. Iliyobaki nimenunua godoro, ndoo mbili, mtungi mdogo wa gesi, na elfu tisini nimemwachia. Mita ni ya peke yao. Mjomba ndo aliyefunga komeo, alikwenda kununua duka la vifaa pale barabarani akarudi na bisibisi ya kuazima, kalivuta mara tatu kuona kama linashika.

Tumepita serikali ya mtaa wameandikwa wote wawili. Hosteli anaendelea kuangalia kwenye akaunti. Mama katuma machungwa kiroba kizima kwa huyo mama mwenye nyumba, na mjomba nimemwachia nusu. Mie niko Mbezi nasubiri gari la saa nane, meseji imeingia sasa hivi anasema maji yametoka wanajaza ndoo, na Ijumaa anakwenda Chanika.